Deni, Jembe na Mwili wa Mtu

Leo napenda kuzungumza nanyi habari za jambo lijulikanalo na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, nalo ni deni. Wazee wetu walisema, Kukopa harusi, kulipa matanga. Wakasema tena, Dawa ya deni ni kulipa. Maneno haya ni kweli tupu, lakini liko swali moja ambalo methali hizi hazilijibu. Je, mtu asipoweza kulipa kabisa, itakuwaje? Mvua imekataa kunyesha, au mto umefurika ukachukua mazao, na siku ya kulipa imefika. Mdai yuko mlangoni, na hati yake i mkononi. Ana haki ya kuchukua nini? Achukue nafaka iliyobaki ghalani? Achukue ng'ombe? Achukue jembe? Au amchukue mtoto wa yule mdeni, au mdeni mwenyewe, amtumikishe mpaka deni liishe?

Swali hili si la jana wala juzi. Watu wa kale waliliuliza, wakagombana kwa ajili yake, na mara nyingine miji mizima ilikaribia kuvunjika kwa sababu yake. Katika vyuo vikuu vya nchi nyingi wako wanavyuoni wanaolichunguza. Hukutana pamoja, huyu ni bingwa wa sheria, huyu wa mambo ya mali na biashara, na huyu wa maisha ya watu wa zamani. Huweka mbele yao hati moja ya kale na kuisoma neno kwa neno. Hufanya hivyo pamoja kwa sababu hati ya deni haisomeki kwa jicho moja. Mwanasheria huona ahadi na adhabu. Mtu wa hesabu huona riba na bei ya nafaka. Na yule wa tatu huuliza: Huyu aliyetia muhuri wake hapa alikuwa nani, na mtoto aliyewekwa rehani alikuwa na miaka mingapi? Nami leo nitajaribu kuwapitisheni kwa njia hiyo hiyo katika nchi nne za kale, yaani Babeli, Athene, Rumi na Misri, tupate kuona jinsi sheria ilivyouwekea mpaka mkono wa mdai.

Babeli: mwaka wa mafuriko

Nchi ya Babeli ilikuwa kati ya mito miwili, Frati na Hidekeli, katika nchi iitwayo leo Iraki. Mvua ilikuwa haba, na mashamba yalinyweshwa kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono. Chakula kikuu kilikuwa shayiri. Sasa fikirini mwaka wa mkulima. Akisha kupanda hana budi kungoja miezi kadha wa kadha kabla ya kuvuna. Na katika miezi ile watu wa nyumbani mwake wataka kula, na watoza kodi hawangoji. Basi humwendea tajiri mwenye ghala, au makuhani wa hekalu, akakopa shayiri na kuahidi kulipa wakati wa mavuno. Riba iliyowekwa na sheria ilikuwa theluthi moja kwa shayiri, na moja katika tano kwa fedha. Yaani aliyekopa vipimo 3 vya shayiri alirudisha 4, na aliyekopa shekeli 5 za fedha alirudisha 6.

Mapatano hayo yaliandikwa juu ya kibao cha udongo mbichi kwa kalamu ya tete. Majina ya mashahidi yaliandikwa, na mihuri ikagandamizwa. Deni lilipolipwa, kibao kilivunjwa. Udongo ukikauka hauozi kama karatasi, na kwa sababu hiyo maelfu ya vibao vya namna hii yamechimbuliwa na watu wa siku zetu, na ndani yake twasoma madeni ya watu waliokufa karibu miaka 4,000 iliyopita.

Katika nchi ile alitawala mfalme Hammurabi, tangu mwaka 1792 hata 1750 hivi kabla ya Kristo. Sheria zake zilichorwa juu ya nguzo ya jiwe jeusi yenye urefu wa mita 2 na robo. Juu kabisa ya jiwe yaonekana sanamu ya mfalme amesimama mbele ya Shamash, mungu wao wa jua na wa haki. Nguzo hiyo ilikuwa imetekwa zamani ikapelekwa Susa, katika nchi ya Iran, na huko ndiko wachimbaji wa Kifaransa walikoiona mwaka 1901. Sasa imewekwa katika jumba la Louvre mjini Paris.

Sheria zake zakaribia 300, na baadhi yao zahusu swali letu. Ya kwanza yahusu mwaka wa maafa. Ikiwa mtu ana deni, na tufani au mafuriko yameharibu shamba lake, au mimea imekosa maji isizae, basi mwaka ule halipi shayiri kwa mdai. Kibao chake cha mapatano hutiwa maji kipate kubadilishwa, na riba ya mwaka ule haitozwi. Ya pili yahusu mdai mwenye haraka. Akiingia katika ghala ya mdeni na kuchota shayiri bila ya ruhusa ya mwenyewe, atairudisha yote, na pamoja na hayo deni lake limepotea. Ya tatu yahusu ng'ombe: mtu akimkamata ng'ombe wa mwenziwe ili kumlazimisha kulipa deni, atatozwa theluthi moja ya mina ya fedha, ndiyo shekeli 20. Si adhabu ndogo, maana mkulima asiye na ng'ombe hawezi kulima, na asiyelima hatalipa deni wala kodi.

Lakini sheria ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Huko Babeli mdeni aliweza kumtoa mkewe, au mwanawe, au binti yake, akafanye kazi katika nyumba ya mdai. Hammurabi hakulikataza jambo hili. Alichofanya ni kuliwekea mpaka: watatumika miaka mitatu, na katika mwaka wa nne wataachwa huru. Tena ikiwa yule aliyekamatwa kwa deni amekufa kwa kupigwa au kuteswa nyumbani mwa mdai, mdai aliadhibiwa vikali na kupoteza deni lake lote. Hapo twaona sheria imeanza kusema kwamba mwili wa mtu si sawa na gunia la shayiri, ingawa haijathubutu bado kuutoa katika rehani.

Mfalme avunja madeni

Mpaka wa miaka mitatu haukutosha. Miaka ilipokuwa mibaya mfululizo, wakulima walikopa ili kulipa mikopo ya zamani, na mashamba yakawa mikononi mwa wachache. Ndipo wafalme wa Babeli walipotumia dawa kali zaidi. Mfalme alipoketi katika kiti cha enzi, na mara nyingine tena katikati ya utawala wake, alitoa amri ya kufuta madeni katika nchi nzima. Barua moja ya mji wa Sippar yaeleza jinsi mfalme alivyoinua mwenge wa dhahabu kuwa ishara ya amri hiyo.

Amri iliyohifadhika vizuri kupita zote ni ya mfalme Ammisaduqa, aliyeanza kutawala mwaka 1646 hivi kabla ya Kristo, miaka 100 na kitu baada ya kufa kwake Hammurabi. Amri yake yafaa kusomwa kwa makini, kwa sababu haikufuta kila deni. Ilipambanua aina mbili. Shayiri na fedha zilizokopeshwa watu kwa riba, hizo zilifutwa, na mdai aliyekuwa amekwisha kutoza kwa nguvu aliamriwa arudishe. Lakini fedha waliyopeana wafanya biashara, kwa safari au kwa ushirika wa kugawana faida, haikufutwa. Maana aliyekopa ili ale apate kuishi hana hali moja na aliyekopa ili atajirike. Wa kwanza amesukumwa na haja, na wa pili amejitia mwenyewe katika bahati ya soko. Kadhalika watu huru wa miji iliyotajwa katika amri, waliokuwa wamejiuza wenyewe au kuuza wake zao na watoto wao kwa ajili ya deni, walirudishiwa uhuru wao.

Nadhani mmoja wenu ataniuliza: Je, matajiri walikubali tu? La, hawakukubali. Amri yenyewe yatuonyesha hila zao, kwa kuwa yawaonya wale wanaoandika mkopo wa riba kana kwamba ni mauzo, au kana kwamba ni amana, ili amri ya mfalme isiuguse. Mdai aliyekataa kurudisha alichotoza alitishiwa adhabu ya kifo. Hivi ndivyo ilivyokuwa tangu zamani: sheria ikijenga ukuta, hutokea mtu akautafutia tundu, na sheria ya pili ikaja kuliziba.

Wala tusidhani kuwa mfalme alifanya haya kwa huruma peke yake. Mkulima huru alilipa kodi, alichimba mifereji ya mfalme, na alibeba silaha vitani. Mkulima aliyekuwa mtumwa wa deni alimtumikia tajiri wake tu. Kila nyumba iliyoanguka katika deni ilipunguza nguvu ya mfalme, na kwa hiyo haki na faida ya serikali vilikwenda njia moja.

Athene: mawe katika mashamba

Sasa tuondoke Babeli, tuvuke miaka 1,000 na zaidi, tufike katika nchi ya Wayunani, mjini Athene. Huko hapakuwa na mfalme wa kuinua mwenge. Mji ulitawaliwa na wakubwa wa koo chache, na wakubwa hao ndio waliokuwa wadai. Wakulima wengi maskini walilima mashamba yaliyofungwa na wajibu kwa matajiri. Jina lao kwa Kiyunani lilitokana na sehemu ya sita ya mavuno. Mawe yalisimamishwa katika mashamba yao kuwa alama ya kifungo hicho. Asiyelipa alikamatwa yeye na watoto wake, na wengine waliuzwa ng'ambo ya bahari, hata wakaisahau lugha yao.

Chuki ikazidi, na vita ya wenyewe kwa wenyewe ikakaribia. Mwaka 594 hivi kabla ya Kristo pande zote mbili zilikubaliana kumpa madaraka mtu mmoja awaamue, jina lake Solon. Maskini walitumaini atawagawia mashamba ya matajiri, na matajiri walitumaini ataacha mambo kama yalivyo. Solon hakufanya hili wala lile. Alifuta madeni, akayang'oa yale mawe, akawarudisha waliouzwa ng'ambo kwa kadiri alivyoweza. Mashamba ya matajiri hakuyagawa. Lakini kwa wakati uliofuata aliweka sheria moja iliyoshinda yote: tangu siku ile mtu yeyote asikopeshe fedha kwa rehani ya mwili wa mtu.

Tazameni tofauti yake na ile ya Babeli. Amri ya mfalme iliponya ugonjwa kila ulipozidi, kisha ukarudi. Sheria ya Solon ilikata mzizi wenyewe. Watu wa Athene waliendelea kukopa na kukopesha, na mdai aliweza kushika mali ya mdeni wake, lakini mwili wake na wa mwanawe haukuweza tena kuandikwa katika hati.

Habari hizi twazipata kwa Solon mwenyewe, aliyekuwa mshairi, na katika kitabu juu ya serikali ya Athene kilichotoka katika chuo cha mwanafalsafa Aristotle. Kitabu hicho kilipotea kwa karne nyingi, kisha kikaonekana katika mchanga wa Misri na kuchapishwa mjini London mwaka 1891. Na jambo la kupendeza ni hili. Kilikuwa kimeandikwa nyuma ya makaratasi yaliyokwisha kutumika, na upande wa mbele wa makaratasi hayo una hesabu za shamba la miaka 78 na 79 baada ya Kristo: mishahara ya vibarua, matumizi ya kila siku, mapato na matoleo. Mtu mmoja aliona si vema kutupa karatasi, na kwa ubahili wake tumepata kuijua sheria iliyowaokoa wakulima.

Kitabu hicho chasimulia uvumi pia. Walisema kuwa kabla ya amri kutangazwa, Solon aliwafunulia rafiki zake. Nao wakakimbilia kukopa fedha na kununua mashamba, kisha madeni yalipofutwa wakabaki na mashamba bila ya kulipa. Waliompenda Solon walisema alisalitiwa na rafiki; waliomchukia walisema naye alikuwa mshirika wao. Mwandishi wa kitabu aliona kuwa masingizio hayo hayampasi mtu aliyeweza kujifanya mfalme akakataa. Lakini uvumi wenyewe watufundisha kitu: sheria ya madeni haitoshi kuwa njema, yapasa itangazwe kwa watu wote kwa saa moja.

Rumi: makovu ya mzee

Kutoka Athene twende magharibi, mpaka Rumi, maana huko mambo yalikuwa makali zaidi. Mwanahistoria Livy, aliyeandika zaidi ya miaka 400 baada ya mambo yenyewe, asimulia habari ya mwaka 495 kabla ya Kristo. Mzee mmoja alitokea sokoni, nguo zake chafu, mwili wake umekonda, nywele na ndevu zimemfunika uso. Watu wakamtambua kuwa alikuwa askari shujaa, mkuu wa kikosi. Wakamwuliza, Umepatwa na nini? Akasema kwamba wakati alipokuwa vitani, adui walichoma nyumba yake na kuchukua mifugo yake. Kisha akatakiwa kodi, akakopa. Riba ikaongezeka, akapoteza shamba la babu yake na la baba yake, na mwishowe mdai akamchukua yeye mwenyewe na kumtia mahali pa mateso. Akawaonyesha mgongo wenye alama mbichi za mjeledi. Kifuani alikuwa na makovu ya vita.

Watu walipoona haya, makelele yakajaa mji. Na adui walipokuja, raia walikataa kuandikishwa jeshini. Walisema, Wapigane wale wanaopata faida ya vita. Mwaka 494 waliuacha mji, wakaenda kukaa juu ya mlima, mpaka wakubwa walipokubali wawe na watetezi wao, wenye mamlaka ya kumzuia hakimu asimwonee raia.

Miaka 40 na kitu baadaye, katika mwaka 451 na 450, sheria za Rumi ziliandikwa juu ya mbao kumi na mbili na kuwekwa mahali pa wazi. Kabla ya hapo wakubwa tu ndio waliozijua. Hata hivyo sheria ya deni ilibaki kali. Mdeni aliyehukumiwa alipewa siku 30 atafute fedha. Asipolipa, mdai alimkamata na kumfunga pingu siku 60, akipewa ratili moja ya nafaka kwa siku kama hana chakula chake. Katika siku tatu za soko alitolewa mbele ya watu na kiasi cha deni kikatangazwa, labda ndugu atamwonea huruma. Pasipotokea mtu, aliweza kuuawa au kuuzwa ng'ambo ya mto Tiber.

Mwaka 326, kama asemavyo Livy, ndipo sheria mpya ilipokuja. Kijana mmoja alikuwa amejitoa kuwa mtumishi wa mdai kwa sababu ya deni la baba yake. Mdai alitaka kumvunjia heshima; alipokataa, akavuliwa nguo na kupigwa mijeledi. Kijana akakimbia barabarani akilia, watu wakakusanyika, wakaandamana mpaka kwenye baraza la wakubwa. Siku ile ile ikaamriwa itungwe sheria kwamba dhamana ya fedha iliyokopwa iwe mali ya mdeni, wala si mwili wake. Desturi ya kumfunga mdeni kwa hukumu ya hakimu haikufa mara moja katika Rumi, lakini neno lenyewe lilikuwa limekwisha kusemwa.

Misri: makaratasi katika tumbo la mamba

Nchi yetu ya mwisho ni Misri, na hati yake ilipatikana kwa njia ya ajabu. Mnamo Januari mwaka 1900 Waingereza wawili, Grenfell na Hunt, walikuwa wakichimba mahali paitwapo Tebtunis, katika wilaya ya Fayum. Wachimbaji walitumaini kupata makaburi ya watu. Badala yake walikuta mamba, mamia ya mamba waliokaushwa, kwa kuwa watu wa kale wa huko walimheshimu mamba kuwa mnyama wa mungu wao. Kibarua mmoja, kwa kukata tamaa, akampiga mamba mmoja na kumvunja. Kumbe, yule mamba alikuwa amefungwa na kujazwa makaratasi ya mafunjo yaliyoandikwa! Makuhani walikuwa wamenunua makaratasi chakavu ya ofisi, wakayatumia kumtengenezea mnyama wao maziko.

Miongoni mwa makaratasi hayo mlikuwa na nyaraka za ofisi ya mwandishi wa kijiji cha Kerkeosiris, jina lake Menches, na katika nyaraka hizo mlikuwa na nakala ya amri ya mwaka 118 kabla ya Kristo. Amri hiyo ilitolewa na mfalme Ptolemaio wa Nane, pamoja na Kleopatra wa Pili na Kleopatra wa Tatu, baada ya miaka ya vita ya wenyewe kwa wenyewe iliyoacha mashamba mengi bila watu. Wafalme walisamehe makosa mengi na malimbikizo ya kodi, wakakataza maafisa kutumia vipimo vikubwa kuliko vya serikali wanapopokea nafaka. Kisha wakasema juu ya deni. Mkulima wa mashamba ya mfalme asiuziwe ile nyumba yake moja ambamo vyombo vyake vya kilimo vimewekwa. Wala ng'ombe zake, wala vyombo hivyo, visikamatwe kwa deni lolote. Wafumaji pia walitajwa: mitambo yao ya kufumia isiuzwe.

Ndani ya amri hiyo mna jambo jingine lililomhusu sana mtu wa kijijini. Katika Misri ya siku zile wenyeji walikuwa na lugha yao na mahakama zao, na Wayunani waliotawala walikuwa na lugha yao na mahakama zao. Mkulima akishitakiwa aende kwa nani? Amri yajibu kwamba katika mashitaka ya mwenyeji na Myunani, lugha ya hati ndiyo itakayoamua. Mapatano yaliyoandikwa kwa Kiyunani yaliamuliwa na mahakimu wa Kiyunani, na yaliyoandikwa kwa Kimisri yaliamuliwa na mahakimu wa wenyeji kwa sheria za nchi. Basi mtu alipochagua mwandishi wa hati yake, alikuwa amechagua hakimu wake pia, ajue asijue.

Miaka 60 hivi baada ya amri hiyo, msafiri mmoja kutoka kisiwa cha Sicily, jina lake Diodorus, alizuru Misri. Ameandika kwamba mfalme mmoja wa zamani wa Misri aliamuru deni lilipwe kwa mali ya mdeni tu, si kwa mwili wake, kwa sababu miili ya watu ni ya nchi, ambayo huihitaji wakati wa vita na wakati wa amani. Akaongeza kuwacheka Wayunani wenzake: sheria zao nyingi zilikataza kuchukua silaha au plau kwa rehani, lakini ziliruhusu kumfunga mtu mwenyewe anayeitumia plau hiyo. Plau ilikuwa huru, na mkulima alikuwa kifungoni!

Twajifunza nini?

Wasikilizaji, tumepita katika nchi nne na karne nyingi, na katika kila nchi tumeona sheria ikijaribu kuuwekea mkono wa mdai mipaka. Mpaka wa kwanza ni maafa: mafuriko si kosa la mkulima, basi asiadhibiwe kwa ajili yake. Mpaka wa pili ni vyombo vya kazi: ng'ombe, jembe na mtambo wa kufumia ndivyo vitakavyolipa deni, na mdai akivichukua ameua kuku atagaye mayai. Mpaka wa tatu ni mwili wa mtu. Huo ndio uliochelewa kuliko yote, na watu walioupata waliupata kwa taabu, wengine kwa kuacha mji wao na kukaa mlimani.

Wala tusiwasifu wa kale kupita kiasi. Amri ya Ammisaduqa ilisema wazi kwamba mtumwa aliyezaliwa utumwani haimhusu. Athene iliyowaokoa wananchi wake na utumwa wa deni iliendelea kununua watumwa wa makabila mengine. Rumi nayo, baada ya kuwafungua wadeni wake, ilijaza mashamba yake mateka wa vita. Mpaka ule ulimlinda mtu wa nyumbani, na mgeni aliachwa nje yake. Tena tukumbuke haki ya mdai, maana kama madeni yote yangefutwa kila mwaka, nani angekubali kufungua ghala yake wakati wa njaa? Ndiyo sababu sheria zilizodumu si zile zilizomwangamiza mdai, bali zile zilizomwambia: Chukua kilicho haki yako, lakini mwache mwenzio na mikono yake na jembe lake, ili mwakani apate kukulipa.

Na neno la mwisho ni kwa wanafunzi. Mkulima wa Babeli hakujua kusoma alama za kibao, na huyo wa Kerkeosiris alimtegemea mwandishi. Maisha yao yalifungwa na maneno waliyosomewa na watu wengine. Ninyi mmejaliwa kujua kusoma. Siku jirani au mzazi atakapoletewa hati aitie dole gumba, isomeni kwanza, neno kwa neno, mbele yake. Tazameni riba ni kiasi gani, siku ya kulipa ni lini, na hasa tazameni ni kitu gani kilichowekwa rehani. Swali hilo la mwisho ndilo lililowataabisha wafalme, na jibu lake laweza kuwa limeandikwa chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo.